Bunia: kutoka valvu mpaka WhatsApp, namna simu inabadilisha maisha ya wanafunzi wa vyuo vikuu

Zamani si sana, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Bunia akitaka kujua siku ya mtihani alikuwa na njia moja tu: kutembea mpaka chuoni, kusimama mbele ya ubao wa matangazo, ule ambao wanafunzi wa Kongo nzima wanauita valvu, na kusoma. Karatasi ilikuwa pale, imebandikwa ukutani, chini yake saini na muhuri. Aliyefika alisoma. Asiyefika aliuliza mwenzake aliyefika.

Leo tangazo lile lile linafika saa tatu ya usiku, wakati mwanafunzi yuko kitandani Mudzipela ao Nyakasanza na betri ya simu yake imebaki asilimia nane. Linaingia katika grupu ya WhatsApp ya promosio, katikati ya jumbe zingine mia moja. "Batu ya Mungu, kesho hakuna kosi." "Nani amesema?" "Niliona mu grupu ingine." "CP iko wapi?" Chefu wa promosio hajibu, simu yake imezimika. Asubuhi yake nusu ya darasa inabaki nyumbani, nusu ingine inapanda moto kwenda chuoni. Nusu moja itakuwa imekosea.

Valvu ilikuwa na mambo mawili ambayo watu hawakuyatafakari wakati ule. La kwanza: kuisoma hakukuomba franga hata moja. La pili: kila karatasi ilikuwa na mwenyewe, mtu aliyeandika jina lake chini. Simu imeleta faida nyingi, na ni vigumu kumpata mwanafunzi anayetaka kurudi nyuma. Lakini mambo hayo mawili imeyaondoa. Basi kila fasi ambapo simu imeingia katika maisha ya mwanafunzi wa Bunia, kunabaki maswali mawili: nani analipa, na nani amesema?

Darasa ndani ya simu

Bunia ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu Shalom, ISP, ISTM na vyuo vingine vinapokea vijana kutoka teritwari zote tano za Ituri: Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa. Wengi wanakodi chumba kidogo, wawili ao watatu pamoja, wanapika kwa makala na kugawana sombe na bugali. Mbali na godoro na sufuria, kitu cha bei kuliko vyote ndani ya chumba hicho mara nyingi ni simu.

WhatsApp ilianza mwaka 2009, lakini kilichoipa nguvu katika vyuo vyetu ni ugonjwa. Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa Kinshasa. Siku chache baadaye, serikali ilifunga shule na vyuo vikuu katika inchi nzima. Grupu za promosio, ambazo mpaka hapo zilikuwa zaidi za salamu na mizaha, zikawa fasi ya kujua kama mwaka wa masomo utaokolewa ao hapana. Masomo yalipoanza tena, grupu hazikuondoka.

Kisha ikaja LMD. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wizara ilitaka vyuo vyote vya Kongo viingie katika mfumo huu: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, kisha doktora. LMD inahesabu siyo tu saa ambazo mwanafunzi anakaa mbele ya mwalimu, bali hata kazi anayofanya peke yake: kusoma, kutafuta, kuandika. Kwa maneno mengine, mfumo unamwomba mwanafunzi ajitafutie. Lakini ajitafutie wapi? Maktaba zina vitabu vichache kuliko wanafunzi, na vingine vimezeeka. Jibu la haraka liko mfukoni.

Kwa hiyo silabi, ambayo zamani ilinunuliwa ao kutolewa fotokopi kwenye sekreteria ya pembeni ya barabara, siku hizi inafika kama faili la PDF. TP inatumwa kwa simu. Maelezo ya mwalimu yanarekodiwa kama odio na kusikilizwa tena usiku. Mwanafunzi aliyekwama kwenye hesabu ya takwimu anafungua video ya YouTube na kumfuata mwalimu wa Dakar ao wa Paris hatua kwa hatua, anarudisha nyuma mara tano bila kuona haya. Kwa kijana aliyekuja kutoka kijiji ambako hakukuwa hata na maktaba, huo ni mlango ambao kaka zake hawakuupata.

Bei ya mega

Lakini mlango huo unalipiwa. Faida ya silabi ya simu inategemea sana namna imetengenezwa. Silabi ya kurasa 100 iliyoandikwa kwa kompyuta na kuhifadhiwa kama PDF mara nyingi haipiti mega moja ao mbili. Silabi hiyo hiyo, ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inaweza kufika mega 20. Na kama picha zimetumwa bila kupunguzwa, jinsi zilivyotoka kwenye kamera, inaweza kupita mega 300. Maneno ni yale yale, mwalimu ni yule yule, lakini mwanafunzi mmoja analipa kidogo na mwingine analipa kama aliyenunua filamu.

Ndiyo maana kila promosio ina watu wake wa namna tatu. Kuna anayekuwa na mega kila siku, ambaye anajua kila kitu mbele ya wengine. Kuna anayenunua unite kidogo kidogo kwenye kabini, anafungua intaneti dakika kumi, anapakua jumbe zote, anafunga haraka, kisha anasoma bila rezo. Na kuna yule mwenye simu ya vidonge, isiyoingia WhatsApp kabisa. Huyu anaishi kwa huruma ya wenzake. Kama ana rafiki mwema, atapigiwa simu ao ataazima daftari. Kama hana, atafika chuoni na kukuta interogasio imeisha jana.

Kwenye valvu watu hao watatu walisimama sawa. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mkulima walisoma karatasi moja, saa moja. Sasa habari ya chuo, ambayo ni haki ya kila aliyelipa masomo, imekuwa kitu cha kununua mara ya pili.

Umeme nao unaingia katika hesabu. Fasi nyingi za mji, mwanafunzi anayetaka kuchaji simu anategemea paneli ya jua ya jirani ao kibanda cha kuchaji kwa malipo. Simu inaachwa pale saa kadhaa, na saa hizo mwanafunzi hayupo duniani. Wanafunzi wengine wamejifunza kukopesha asilimia za betri kama watu wanavyokopeshana chumvi.

Tena bei haitegemei mtumiaji peke yake. Watu wanakumbuka kodi ya RAM, iliyoanza Septemba 2020. Ilikata unite za kila mwenye simu, tajiri kwa masikini, mpaka malalamiko ya inchi nzima yakafanya isimamishwe mwaka 2022. Wanakumbuka pia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilipokata intaneti katika inchi yote, pamoja na SMS. Ilirudi baada ya siku kama ishirini. Wakati ule kukosa WhatsApp kulikuwa kukosa salamu na habari. Kama ingekuwa leo, na silabi, matangazo na franga za masomo vyote viko ndani ya simu, chuo kizima kingesimama.

Sasa kuna mazungumzo mapya juu ya intaneti ya setilaiti ya Starlink. Mwezi wa Machi 2024 serikali ilikataza matumizi yake; Mei 2025 ilitoa ruhusa. Chombo chake kinapita uwezo wa mwanafunzi mmoja, lakini chuo kikiweka kimoja na kufungua rezo kwa wanafunzi wote ndani ya uwanja wake, kitakuwa kimerudisha sehemu ya haki ile ya valvu: ukifika kwa miguu yako, unasoma bila kulipa.

Franga ya mzazi haipiti tena barabarani

Kuna upande mmoja ambapo faida ya simu haina ubishi. Mzazi wa Mahagi ao wa Mambasa aliyetaka kumtumia mtoto wake franga za chumba na za chakula alikuwa anazifunga katika bahasha na kumpa dereva ao mfanyabiashara anayekuja Bunia. Mizigo ya namna hiyo ilipita barabara ya taifa namba 27, inayotoka Bunia kwenda Mahagi, ao namba 4 upande wa Komanda na Mambasa. Wakaaji wa Ituri hawahitaji kuelezwa ni magari mangapi yameshambuliwa na kuchomwa kwenye barabara hizo.

Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money pembeni yake, franga inaruka juu ya vizuizi. Mama anauza maharagwe sokoni asubuhi, mchana mtoto anapokea ujumbe, jioni chumba kimelipwa. Hakuna aliyebeba kitu cha kunyang'anywa njiani.

Lakini hata hapa swali la "nani amesema?" linarudi. Wezi wa simu wanajua kwamba mwanafunzi anangoja franga. Wanatuma ujumbe unaofanana na ule wa kampuni, kisha wanapiga simu: "Papa, nilikosea namba, unirudishie." Aliyefanya haraka anarudisha franga ambazo hazikuingia kamwe. Wengine wanajifanya wafanyakazi wa kampuni na kuomba namba ya siri. Kanuni ni fupi: usiamini ujumbe, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kurudisha chochote, na namba ya siri haiombwi na mtu yeyote mwenye nia njema.

Sauti ya mama, na usiku wa hofu

Mama asiyejua kusoma hakuweza kumwandikia mtoto wake barua. Leo anabonyeza na kusema. Odio imerudisha lugha za nyumbani ndani ya chumba cha mwanafunzi: Kilendu, Kihema, Alur, Lugbara, Kibira, na Kiswahili chetu cha kila siku. Sauti ya dakika moja haimalizi hata mega moja, na ndani yake kuna habari ya shamba, ya mgonjwa, ya kitoto kilichozaliwa, na kukohoa kwa baba upande wa nyuma.

Ni njia hiyo hiyo inayoleta habari mbaya. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi wa eta de sieje tangu tarehe 6 Mei 2021, na vita havijaisha. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO walishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, teritwari ya Djugu. Watu zaidi ya 50 waliuawa. Baada ya usiku kama huo, mwanafunzi mwenye ndugu upande ule hangoji gazeti. Anafungua simu, anatafuta jina katika orodha, anatazama picha ambazo hakuna kijana anayepaswa kuzitazama peke yake kitandani, akitafuta shati ao kitambaa anachokijua. Kisha saa moja na nusu ya asubuhi anaingia auditwari kufanya mtihani.

Jambo hili halizungumzwi sana katika vyuo. Mwalimu anaona kijana amesinzia, anafikiri alikuwa kwenye TikTok. Labda ni kweli. Labda alikuwa anahesabu wafu wa kijiji chake.

Habari isiyokuwa na mwenyewe

Hapa ndipo simu inaweza kuwa jambo la uzima na kifo. Valvu yenye muhuri ikikosea, kuna mtu wa kumuuliza. Ujumbe unaorushwa kutoka grupu mpaka grupu hauna mtu. Unasema "wameingia upande huu", "kabila fulani wamepanga jambo", "usinywe maji ya fasi fulani". Haina tarehe, haina jina. Ukiuliza, kila mmoja anajibu kwamba aliupata kwa mwingine.

Ituri inajua uzito wa neno. Vita vya 1999 mpaka 2003 vilikuwa na bunduki na mapanga, lakini mbele ya mapanga yalitangulia maneno: wao wanataka hivi, wao wamesema vile. Wakati ule neno lilitembea kwa miguu. Leo linafika watu elfu kabla chai haijapoa, maana grupu moja ya WhatsApp inaweza kuwa na watu mpaka 1,024.

Ebola nayo ilifundisha somo kwa bei kubwa. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini na kufika Ituri ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Muda wote huo, sambamba na ugonjwa, kulitembea uvumi: kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara, kwamba chanjo ndiyo inaua. Watu walikimbia vituo vya matibabu, na wafanyakazi wa afya walishambuliwa. Mwanzoni mwa Novemba 2019, mwandishi wa habari Papy Mumbere Mahamba, wa redio ya jamii ya Lwemba katika teritwari ya Mambasa, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa anasaidia kuelimisha watu juu ya Ebola. Yeye alisema kwa jina lake na kwa sauti yake. Uvumi aliopambana nao haukuwa na jina.

Kwa nini mwanafunzi anahusika kwa namna ya pekee? Kwa sababu nyumbani anaheshimiwa. Akirusha odio katika grupu ya familia, mjomba kijijini hasemi "nimesikia uvumi". Anasema: "Mtoto wetu wa chuo kikuu, yule wa Bunia, ametuma." Bila kujua, mwanafunzi ameupigia uvumi muhuri wake.

WhatsApp yenyewe iliona hatari hiyo katika inchi mbalimbali. Mwaka 2019 iliweka mpaka: ujumbe mmoja haurushwi kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Aprili 2020 ikaongeza: ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili juu yake, unaweza kurushwa kwa mazungumzo moja tu kwa mara. Mishale hiyo miwili ni alama ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Maana yake: anayekutumia siye aliyeandika, na huenda hata hamjui aliyeandika.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya dijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu mtu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu mwingine kwa njia ya mitandao, na vilevile anayeirusha mbele. Adhabu ni kifungo cha mwezi mmoja mpaka miezi sita, ao faini, ao vyote viwili. "Mimi nilitransfere tu" siyo kinga.

Lakini sheria inafika baada ya jambo kutokea. Kabla ya hapo, kuna maswali manne ambayo hayaombi mega: Nani ameona kwa macho yake? Ni wapi hasa? Ni lini, leo ao mwaka uliopita? Kuna mtu mwingine, asiyemjua yule wa kwanza, anayesema vile vile? Picha ya maiti inaweza kuwa ya inchi ingine ao ya vita vingine. Odio ya mtu anayelia inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita. Kumpigia simu mtu mmoja anayeishi pale kunagharimu unite chache. Asipopatikana, kunyamaza mpaka asubuhi hakugharimu kitu.

Kujifunza ao kunakili?

Tangu ChatGPT ilipotokea mwishoni mwa 2022, programu za akili bandia zimeingia pia katika kazi za chuo. Unauliza, zinaandika, kwa Kifaransa kizuri kuliko kile cha mwalimu. Kwa mwanafunzi anayehangaika na Kifaransa, lugha ya masomo lakini siyo lugha ya nyumbani, msaada huo ni wa kweli: kueleza sura ngumu kwa maneno mepesi, kusahihisha sentensi, kupendekeza mpango wa TFC.

Tatizo linaanza pale mashine inapofanya kazi yote. Programu hizi zinajibu kwa uhakika hata zinapokosea, na zinaweza kutunga jina la kitabu ambacho hakikuandikwa kamwe. Tena hazijafika Kasenyi kuuliza wavuvi bei ya samaki imepanda kwa nini, wala hazijakaa na mama wauza-mbogamboga wa soko la Bunia. TFC yenye thamani kwa Ituri ni ile iliyokwenda kuuliza. Mwalimu anayemwomba mwanafunzi aeleze kazi yake kwa mdomo, dakika kumi, bila simu, anajua haraka ni nani aliyefanya kazi.

Statu, biashara, na picha za siri

Simu siyo masomo na hofu tu. Statu ya WhatsApp imekuwa duka: mwanafunzi anaweka picha za viatu, za mafuta ya nywele, za mandazi ya asubuhi, na wateja wanaandika. Hakodi nyumba ya biashara. Faida ya wiki inalipa chakula, wakati mwingine sehemu ya minervali.

Lakini dirisha lile lile linaonyesha maisha ya wengine, sherehe zao na nguo zao, na kijana anayekula mara moja kwa siku anajiona amechelewa katika maisha. Na kuna jambo baya zaidi: picha za siri zilizotumwa kwa mpenzi, ambazo mapenzi yakiisha zinageuka kuwa silaha. Wasichana ndio wanaoumia zaidi. Wengine wanaacha masomo kwa aibu ya kosa ambalo siyo lao. Anayetishwa asilipe, maana anayelipwa mara moja atarudi. Ahifadhi jumbe za vitisho kama ushahidi na amwambie mtu mzima anayemwamini. Na anayepokea picha hiyo katika grupu, aifute bila kuirusha. Anayeirusha ameshiriki.

Muhuri unaweza kurudi

Basi kifanyike nini? Mambo yenye msaada siyo ya bei.

Kwa vyuo: tangazo liandikwe, litiwe saini, muhuri na tarehe, libandikwe kwenye valvu, kisha karatasi hiyo hiyo ipigwe picha na kutumwa kwa grupu. Vingi vinafanya hivyo tayari. Ila tarehe isomwe vizuri, maana tangazo la kweli la mwaka jana linaweza kumdanganya mwanafunzi wa mwaka huu. Na valvu isiondolewe, kwa ajili ya yule ambaye simu yake haina WhatsApp.

Kwa walimu: silabi itumwe kama PDF nyepesi, siyo picha 100. Ni dakika chache za kazi kwa mwalimu, na chakula cha siku kwa mwanafunzi.

Kwa promosio: kuwe na grupu mbili. Moja ya matangazo tu, ambamo CP na walimu peke yao wanaandika. Ingine ya mazungumzo na mizaha. WhatsApp inaruhusu jambo hilo bila malipo. Na kila asiye na simu kubwa apewe mwenzake mmoja wa kumpigia, kwa jina, siyo kwa huruma ya bahati.

Kwa kila mwanafunzi: kumbuka kwamba simu nyingi, hata za bei ndogo, zina redio ya FM ndani. Unachomeka ekuta, inakuwa antena, unasikiliza. Haiombi mega wala intaneti. Usiku ambao rezo imekatika na uvumi unazunguka mtaani, hiyo ndiyo sauti ambayo kesho yake mtu anaweza kuiendea mlangoni na kuiuliza: ulisema nini, na ulikipata wapi?

Valvu za zamani bado zinaning'inia kwenye kuta za vyuo vya Bunia, zingine zimeloa mvua, zingine zina karatasi za miaka iliyopita. Mwanafunzi anapita mbele yake akiangalia simu. Siyo lazima asimame. Lakini mbele ya kila ujumbe anaoupokea, na zaidi mbele ya kila ujumbe anaotaka kuurusha, anaweza kufanya kile ambacho macho ya wakubwa wake yalifanya bila kufikiri mbele ya ukuta ule: kutazama chini, kutafuta jina la aliyeandika.